Kidole Kisicho cha Mama

Mama,

Huku Lubumbashi tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Goti lako linasemaje? Na mihogo yako huko Kongolo, imepata mvua? Mimi ni mzima, ila hasira imenikaa kooni, na aliyeniwekea ni mwanao wa kwanza, kaka yetu, yaya Placide.

Unakumbuka mkopo wa banki uliomsainia ili ajenge vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yako hapa Kamalondo. Vyumba viko, kodi anakula, mkopo haujaisha. Juu yake ameongeza deni la duka la mikate, la shule ya watoto, na la likelemba, ambayo alipokea zamu yake kisha akaacha kuwachangia wenzake. Kuna hata deni la suti ya ubatizo. Na mtoto hakuvaa suti, Mama, alivaa yeye!

Wiki iliyopita akaja kwangu huku mtaa wa Kenya, viatu vinang'aa.

"Godé, banki itabeba madeni yote, itafanya deni moja tu, juu ya nyumba. Tutakuwa tunalipa kidogo kidogo, myaka kumi na tano. Shiye tutapumua."

"Nani atapumua? Parcelle iko ya mama, kiwanja na nyumba."

"Weye unauzisha makala, utajua mambo ya banki?"

Haya. Makala yangu, makaa haya haya ya jikoni, ndiyo yaliyomlipia dawa mwaka jana, lakini hilo kasahau. Madeni madogo yamemshinda, eti kubwa ataliweza! Akishindwa, banki inauza nyumba, na nyumba ile ndiyo jasho lote la baba kwenye reli.

Basi, mtu wa banki alipotakiwa kuja kukadiria bei, Placide akachukua makochi na kabati la vioo kwa mkopo, ili sebule yako ionekane ya matajiri wa mtaa wa Golf. Yaani alikopa ili apewe mkopo wa kumaliza mikopo. Mjinga, sina jina lingine.

Siku hiyo nami nikaenda, nikaketi kwenye makochi hayo, nailoni bado juu. Mgeni akafungua faili, nikaona karatasi ya kibali chako. Kulikuwa na alama ya kidole! Mama, wewe uliyesoma kwa masista, unayesaini majina yako yote hata kwa katekista. Nikasema hivyo mbele ya mgeni. Mgeni akafunga faili, akaaga, soda hakuigusa.

Alipotoka tu nikanunua rangi nyekundu, nikaandika kwenye ukuta wa barabarani kwa herufi kubwa: PARCELLE HII HAIUZISHWE. Unajua ndivyo tunavyofanya hapa watoto wakianza kuila nyumba ya wazazi. Mke wa Placide ananiita mchawi. Aniite.

Barua hii inakuja na mjane jirani yangu, anayepanda treni ya leo. Placide atapanda inayofuata, na kilo tano za sukari na karatasi nyingine. Sukari pokea. Karatasi washia moto.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, katekista, na mdogo wangu mwalimu. Macho yako yakichoka, mwambie akusomee hii mara mbili.

Banki siiogopi, Mama. Naogopa utakapomwona mlangoni, amekonda, na vumbi la safari, utamwonea huruma na kuomba kalamu.

Binti yako,
Godelive