Rafiki Mpiga Mluzi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naanza kwa kukiulizia kifua chako, maana katika barua yako ya mwisho ulisema vumbi la machimbo limekirudisha kile kikohozi. Je, unakunywa maji ya moto kama Mama alivyokuagiza, au unamwitikia tu kwa heshima kisha unaendelea na mambo yako? Sisi huku tunaamka salama. Presha ya Mama imetulia. Cherehani inalia tangu asubuhi, kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wote wamekumbuka sare siku moja. Mimi nimeshika nafasi ya tatu darasani. Mwalimu wa lugha ameandika kwenye ripoti kwamba katika imla sikukosea hata neno moja. Zamani ningekimbia kukuonyesha.

Sikukupigia simu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Mama, na najua huko kwenu mtandao unapatikana ukipanda juu ya lundo la mawe, tena Jumapili. Isitoshe, nataka uyasome haya polepole. Gari la vifaa lililokupelekea bahasha ya chuo wiki iliyopita ndilo linalokuletea barua hii. Nakuomba, Baba, usitie sahihi karatasi ile kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Habari za Kaka ndizo ndefu. Mkono uliovunjika alipoanguka kule chuoni umeunga. Jeraha la kichwani limepona na nywele zimeota, ila juu ya kovu zimeota nyeupe, upana wa kidole. Anakula akiwekewa. Lakini mpaka juzi alikuwa hanywi maji bila ruhusa; alisimama mbele ya jagi mpaka mmoja wetu amwambie kunywa. Mtu akiingia alikuwa ananyanyuka kwenye kigoda, mikono nyuma, macho sakafuni. Juzi paka wa jirani alipita mlangoni, na Kaka akasimama hata kwa paka. Fundi viatu wa pale pembeni, unamjua mdomo wake, alicheka akasema kijana huyu ameiva kwa jeshi. Mama akamtupia kipande cha chaki na kumwambia akavicheke viatu vyake. Jioni yule mzee alirudi kimya na viatu vya Kaka, amevitia soli mpya bila kuombwa.

Kuhusu kutosema kwake, daktari alisema ulimi hauna hitilafu, tusubiri. Tulisubiri miezi miwili. Wiki tatu zilizopita, saa kumi jioni, Mama akiwa anapinda sketi, Kaka akasema kutoka kwenye kigoda chake kwamba hali yake ni nzuri, na chakula cha hapo ni kizuri mpaka amenenepa. Mama aliangusha mkasi. Alimkumbatia, akalia, akawaita majirani. Hakugundua kwamba Kaka hakumtazama, wala kwamba sauti haikupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani.

Kesho yake, saa ileile, alisema wenzake wanampenda na wamemfanya ndugu yao. Siku ya tatu akasema amepata rafiki wanayelala naye chumba kimoja, hodari wa kupiga mluzi kama ndege. Mama akaitikia kwa furaha, akasema ndiyo mwanangu, ulinieleza habari zake. Mimi nilikuwa napiga pasi shati la mteja. Nilisikia harufu ya kitambaa kikiungua, na mkono haukunyanyuka. Mama alinikaripia, akauliza kama nimelala nikiwa nimesimama. Sikuwa nimelala, Baba. Nilikuwa nimeyatambua maneno yale.

Siku ya nne Kaka alipiga mluzi. Unakumbuka alivyokuwa mdogo, alipuliza mpaka mate yakamlowesha kidevu na wewe ukacheka ukashika mbavu? Hakuweza kamwe. Sasa alipiga sauti mbili safi, moja juu, moja chini. Kisha akainamisha kichwa kuelekea ukuta wa nje, akatega sikio, akatikisa kichwa taratibu kama aliyejibiwa. Tangu siku hiyo amekuwa akifanya hivyo kila jioni. Na kila jioni, Mungu anisamehe, na mimi nimekuwa nikitega sikio.

Sasa nikueleze habari za Wakili. Alikuja kushonewa sketi, akaona Kaka anavyosimama kila mlango ukilia, akauliza, na akashinda nasi mpaka jua likatua. Ni mama mnene mwenye kucheka. Alimwambia Mama ampunguzie sentimita mbili za kiuno kwenye daftari ili moyo wake upate raha. Lakini Mama alipomsimulia, hakucheka tena. Aliichukua chaki ya Mama akachora mezani milango mitatu. Alisema waliomfanyia Kaka vile wanaweza kushtakiwa na polisi, na kesi hiyo ni ya serikali, hakuna karatasi ya chuo inayoweza kuifuta. Shida ni kwamba polisi wanataka majina, na Kaka hayasemi. Chuo nacho kinaweza kudaiwa mahakamani na sisi wenyewe, kwa kushindwa kumlinda mwanafunzi aliye mikononi mwao. Kwa kuwa Kaka hajatimiza miaka kumi na minane, mzazi ndiye anayesimama badala yake. Akaongeza kwamba tunaweza pia kupeleka malalamiko kwa bodi inayosimamia vyuo. Hilo halimfungi mtu, ila linaweza kumwondoa kazini mlezi wa wanafunzi asiyefaa, na halizuii yale mengine. Fundi viatu, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kukaribishwa, akasema kushtaki chuo ni sawa na kuishtaki mvua. Wakili akamjibu kwamba hata mvua ingekuwa na mlezi wa wanafunzi, angeishtaki.

Karatasi uliyo nayo, alisema, ndiyo inayofunga mlango wa pili, ule wa kukidai chuo. Inasema Kaka alipanda mnara wa tangi la maji kwa mchezo wake mwenyewe, na kwamba wazazi wote wawili wanakubali ilikuwa ajali. Watalipia hospitali na kumshikia nafasi yake, na sisi tutanyamaza daima. Wakili alisema kesi yetu inasimama juu ya jambo moja: je, chuo kilijua kwamba wanafunzi wageni wanateswa, kikanyamaza? Chuo kimejibu kwa barua kwamba hakuna aliyelalamika, si kwao wala nyumbani kwake.

Basi Wakili alimwuliza Mama kama Kaka alituandikia katika zile siku tisa kabla ya kuanguka. Mama akasema aliandika kila siku saa kumi, na zote zilikuwa habari njema. Alizitaja kwa kichwa: chakula, wenzake, rafiki mpiga mluzi. Wakili aliomba kuziona. Nikadakia kwamba simu ilijaa, nikazifuta. Basi maneno ya Mama yakaandikwa kwenye hati ya kiapo, na Mama akaweka dole gumba.

Wakili akaanza kumtafuta huyo rafiki ili awe shahidi. Chuo kikamjibu kwamba katika chumba kile Kaka alilala peke yake, kitanda cha pili hakina hata godoro. Alirudi kwetu amekunja uso. Alisema ama chuo kinamficha mwanafunzi, ama kuna asichokielewa. Alipiga magoti mbele ya kigoda akamwuliza Kaka kwa upole rafiki yake yuko wapi. Kaka alinyoosha kidole dirishani, akasema yuko nje. Sote tuligeuka. Nje palikuwa na kamba ya nguo tu na mashati manne ya sare, na hapakuwa na upepo, Baba, lakini shati moja lilikuwa likicheza.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mstari wa kwanza.

Yule rafiki nilimtunga mimi.

Unajua Mama anazisoma namba za futi yake vizuri kuliko karani, lakini herufi zinamkimbia. Mimi ndiye ninayemsomea meseji, na mimi ndiye ninayeandika majibu anayonitamkia. Meseji ya kwanza ya Kaka ilipoingia, Mama alikuwa ametoka hospitali siku mbili tu, na daktari alikuwa amenishika bega akaniambia asipewe mshtuko wowote. Kaka aliandika kwamba wakubwa wanawaita wageni vumbi na wanamwaga chakula chao sakafuni. Mama alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja. Nikasoma kwamba chakula ni kizuri. Nilidhani ni utani wa wiki moja, utapita. Ya tatu ilisema amemwendea mlezi wa wanafunzi, na mlezi amemwambia hata yeye alipokelewa hivyo, avumilie. Nikasoma kwamba wenzake wanampenda. Ya tano ilisema wamemfungia kwenye stoo chini ya mnara, peke yake. Mama alikuwa ananingoja, ndipo nikampa Kaka rafiki. Nikampa na mluzi, ili apendeze.

Ningeishia hapo, Baba, ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini nilifundishwa kwamba anayeandika kwa imla haongezi wala hapunguzi. Majibu ya Mama niliyaandika kama alivyoyatamka. Kaka aliandika kwamba wanampiga, akajibiwa kwamba Mama amefurahi kusikia wenzake wanampenda. Aliandika kutoka gizani, akajibiwa amsalimie rafiki yake mpiga mluzi. Sikuwahi kukaa mahali pake nikayasoma majibu hayo kwa macho yake. Niliyasahihisha nukta na mkato, nikatuma.

Meseji zilikuwa tisa. Sikuzifuta, sikuthubutu. Ya mwisho iliingia siku aliyopandishwa mnarani. Inasema hivi tu: Mama, ni nani anayekusomea?

Nilimsomea Mama kwamba Kaka anamtakia jioni njema.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Wakili peke yangu na simu mfukoni. Alizisoma zote. Akavua miwani, akaniuliza nina miaka mingapi. Kisha akasema meseji ya tatu ndiyo aliyokuwa akiitafuta, kwa kuwa inamtaja mlezi wa wanafunzi na siku na saa. Alisema hati ya kiapo bado haijapelekwa mahakamani na inaweza kuandikwa upya, lakini Mama hawezi kuapa juu ya asichokisikia. Alijitolea kuja kumsomea yeye. Nilimshukuru, nikakataa.

Nilimsomea jana saa kumi jioni, Kaka akiwa kwenye kigoda chake. Kwanza nilimwomba Mama aketi na anywe dawa yake. Nilisoma ya Kaka, kisha jibu letu, ya Kaka, kisha jibu letu, bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye ya tano Mama alishika gurudumu la cherehani ingawa halikuwa likizunguka. Nilipofika ya mwisho alisema nirudie. Nikarudia. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama siku zile zote alizokuwa akicheka na mwanawe, alikuwa akicheka na mimi. Nikasema ndiyo. Akafunika uso kwa sketi aliyokuwa akiipinda, na mpaka sasa hajasema nami ila kwa mambo ya kazi.

Lakini Kaka hakusema sentensi zake jana. Saa kumi ilipita. Alitega sikio ukutani kwa muda, kisha akaacha. Nilipoinuka kwenda kuwasha taa hakusimama. Akanitazama, Baba, akanitazama usoni kabisa mpaka nikainamisha macho mimi. Kisha akaenda kwenye jagi akajimiminia maji, akanywa.

Leo Mama ameweka dole gumba kwenye hati mpya. Ameniagiza nikuandikie kwamba hatatia alama yake kwenye karatasi ya chuo, na wewe usitie sahihi. Namwandikia neno kwa neno. Najua nimestahili adhabu, na nitaipokea kutoka kwako na kutoka kwake. Ninachokuomba ni uirudishe karatasi ile kwa gari la Ijumaa ikiwa haina sahihi, ili Wakili aikabidhi pamoja na jibu letu. Na ukipata likizo, hata ya siku mbili, njoo umwone.

Fundi viatu anakusalimu na anasema viatu vyako vya kazi bado vinaidai miguu yako. Mama anakusalimu, anasema funga kifua. Wote tunakuombea afya na uangalifu huko chini ya mawe.

Ni mimi binti yako, mwenye makosa na mwenye kukupenda.

Baba, nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Kaka ameichukua mkononi mwangu, ameikunjua, ameomba kalamu. Mistari ya hapa chini si mwandiko wangu.

Shikamoo Baba. Walikuwa saba. Majina yao ninayo.