Jina Langu ni la Tatu kwenye Orodha ya Profesa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo natakiwa kukabidhi ripoti ninayoichapa kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mimi ni mhazili wa profesa wa sheria, huu mwaka wa kumi na tisa, na yule baba ndiye aliyeandika vitabu vitatu kwamba ada ya kugombea uongozi ni kufuli kwenye mlango wa maskini, na kila sura alinisomea kwa sauti, mlango wazi, kisha ananiuliza, "Mama, umeelewa?" nikisema sijaelewa anaandika upya, nami nikajivuna mtaani kwamba bosi wangu ni mtetezi wa wanyonge. Tangu ateuliwe kwenye tume ya kurekebisha sheria ya uchaguzi mambo yamegeuka, mlango unafungwa, simu anapokelea kwenye ngazi, nikiingia na chai anafunika karatasi, na mume wangu ananicheka, "Wivu huo! Kwani umeolewa naye?" Juzi kanipa niichape sura ya mwisho ya ripoti ya tume, inasema ada ya kugombea udiwani ipande mara kumi, na kwamba wananchi wa kipato cha chini wameulizwa na wameafiki, orodha yao hii hapa: wa kwanza mlinzi, wa pili mama wa usafi, wa tatu mimi, wa mwisho dereva. Mshauri, hivyo ndivyo tunavyofika kazini asubuhi! Hilo ni daftari letu la mahudhurio, na hakuna aliyetuuliza kitu. Nilimnong'oneza mlinzi, akasema, "Mimi? Mimi naulizwa funguo tu." Sijui profesa amefanya mwenyewe au amefanyiwa, ila namshuku, na inaniuma kumshuku kwa sababu ndiye aliyemsaidia binti yangu kuingia chuo, na wanawake wa mtaani wananisukuma nichukue fomu ya udiwani lakini hilo si hoja. Je, nichape ninyamaze, au niseme nifukuzwe?

Ni mimi, Vidole Vimechoka.

JIBU

Pole sana, mwenzangu. Kumshuku mtu uliyemheshimu miaka kumi na tisa kunachosha kuliko kuchapa. Lakini na mimi nakushuku wewe. Mficha uchi hazai, nawe umelificha jambo lako nyuma ya mume na binti, halafu unaniambia eti si hoja. Ndiyo hoja yenyewe! Unautaka udiwani, na karatasi hiyo inasema wewe mwenyewe umeafiki kufungiwa nje. Ungekuwa huutaki, ungeshachapa zamani ukanywa chai yako.

Kuhusu profesa, huenda ni mwongo, huenda ni mvivu. Ila jiulize: miaka yote hiyo alikuuliza kama umeelewa. Aliwahi hata siku moja kukuuliza kama umekubali? Wema wake kwa binti yako mshukuru, tena kwa moyo, lakini fadhila hailipwi kwa kumwachia mtu jina lako alitumie anavyotaka.

Usithubutu kuifuta orodha kwa siri, utaonekana mwizi ni wewe. Toa nakala ya ukurasa wa daftari, uiweke nyumbani. Kesho asubuhi ingia kwake, acha mlango wazi, umsomee orodha kwa sauti, mtu kwa mtu, mpaka dereva, kisha nyamaza. Akiona haya ataifuta mwenyewe, na utakuwa umempata tena mwalimu wako. Akianza kukupigia Kilatini cha mahakamani, usibishane naye. Iandikie tume ukurasa mmoja tu: wewe ni namba tatu, hukuulizwa, na unapinga. Wenzako watatu nao watie saini, kwa mpangilio uleule wa asubuhi. Kazi unaweza kuipoteza, sitakudanganya.

Na ukimaliza hayo, usirudi nyumbani moja kwa moja. Pitia ofisi ya uchaguzi uchukue fomu yako, kabla ada haijapanda.