Mpishi wa Kireno Kanifokea

Mdogo wangu Moza, assalaam alaykum.

Niko Lisbon, hoi, miguu imevimba. Tangu jana sili, kila chungu cha Wareno nakitilia shaka nguruwe. Mjukuu wangu Asya kanisimamisha foleni nzima kwenye mkahawa wao mashuhuri, nami nikaisukuma sahani. "Bibi, utakufa njaa!" analia. Mpishi, kizee mwenzangu, akatoka jikoni ananifokea. Asya akamweleza khofu yangu kwa simu yake inayotafsiri. Mpishi akarudi na samaki wa makaa, chumvi tupu, akasimama mikono kiunoni mpaka nikamaliza. Wallahi, mimi ndiye nnayelisha watu. Tangu afe mama hapana aliyenisimamia nile. Nawe unayekula peke yako hapo nyumbani Ibra, jeuri wewe, Mungu akupe mtu wa kukufokea.

Dada yako, Zuwena