Gitaa Zito la Kaka Rajabu

Arusha,
Jumapili, baada ya kufua

Kaka yangu Rajabu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye upepo, na kidole chako kimepona. Mama amenijulisha kwamba uzi wa lile besi lako la sanduku umekupasua tena, mpaka ukashindwa kushika panga la mkonge siku mbili. Nimesikitika sana. Je, Mama mwenyewe kifua chake kinaendeleaje? Na Baba, bado anasema magoti ni ya mvua, au sasa yanauma hata jua likiwaka?

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Huku ni baridi, na mlima hatujauona siku nane, umejifunika wingu kama mgonjwa. Mama Zaina, mke wa Mjomba, amejifungua mtoto wa kiume, kwa hiyo maji, moto na nepi ni vyangu kabla ya shule, na tena nikirudi. Mtihani wa darasa la nane unakaribia. Juzi nilisinzia katika somo la hesabu, na mwalimu hakunipiga, alinitazama tu, nikaona haya kuliko kama angenipiga. Lakini bado sijashuka chini ya namba tatu, na nina tumaini.

Najua unaruka mistari hii kutafuta neno gitaa. Basi nakwambia sasa: limenunuliwa. Lakini si lile uliloagiza.

Usikunje karatasi, kaka. Nafahamu maana yake. Uliniandikia kwamba kiongozi wa bendi amekupa mpaka mwisho wa Ramadhani, na kama hujapata gitaa la besi la umeme, nafasi yako atapewa yule mtu wa Muheza mwenye lake. Nafahamu pia kwamba madukani Tanga walikwambia usubiri meli, na ndiyo maana ukanitegemea mimi. Kwa hiyo soma mpaka mwisho ndipo uamue kama nimekusaidia au nimekuharibia.

Duka ni lile ambalo Mjomba anashona nguo kwenye baraza lake. Mwenye duka ni Mhindi mzee, mpole, anauza mablanketi, matairi ya baiskeli na redio, na magitaa ya besi alikuwa nayo matatu, yametundikwa ukutani juu ya matairi. Moja jekundu linalong'aa kama pipi, lenye tumbo wazi ndani. Moja la manjano. La tatu lina rangi ya kahawa iliyokaangwa kupita kiasi, halina tumbo lolote, ubao mtupu, na mgongoni limechunika. Hilo lilikuwa la mpiga muziki mmoja wa hotelini aliyerudi kwao.

Jumamosi ya kwanza niliingia peke yangu na sare ya shule. Nilikuwa nimefikiri sana jinsi ya kusema, maana sauti ya besi ni sauti nzito. Basi nikasema, "Shikamoo Mzee. Naomba kuona gitaa zito."

Akanitazama, akayashusha yote matatu, akayapima mkononi moja baada ya jingine kama mtu anayenunua kuku. Akanipa lile la kahawa. "Hili zito kushinda yote," akasema. "Litakuvunja bega."

Nikalipiga uzi kwa kidole gumba, kama ulivyonifundisha kwenye sanduku. Halikusema kitu, kaka. Nzi angesema zaidi. Nikamwambia, "Mzee, hili limekufa."

"Bila umeme, yote maiti," akasema.

"Basi naomba uwashe mashine nisikie."

"Binti, mashine huwashwa kwa mnunuzi. Mtazamaji anatazama."

Mafundi cherehani wenzake Mjomba walicheka mpaka mmoja akaharibu mshono. Tangu siku hiyo nikipita wananiita Gitaa Zito. "Gitaa Zito, mjomba wako anakuita." "Gitaa Zito, leta chai." Nimezoea.

Jumamosi ya pili nilikwenda na barua yako mkononi, nikafuata maneno yako moja moja. Uliandika nichungulie shingo kama seremala anavyochungulia boriti. Nilifanya hivyo. Shingo ya lile la manjano imepinda kidogo upande wa nyuzi nyembamba, na ukibonyeza karibu na tumbo, nyuzi zinagusa vyuma vya shingoni na kukwaruza kama sufuria. Hilo nikaliacha. Jekundu shingo yake imenyooka, na la kahawa pia. Uliandika nizungushe masikio ya kukazia nyuzi nione kama yanateleza. Yote mawili yalikuwa imara. Kisha uliandika hivi, na ninanakili: "Ligonge tumboni kama unavyogonga tikiti. Lenye kujibu ndilo."

Nikaligonga jekundu. Likajibu, tena kwa sauti nzuri ya ndani. Nikaligonga la kahawa. Likafanya ko, kama mlango wa choo. Nikarudia, na mwenye duka akashusha miwani.

"Binti, hapa hatuuzi matikiti."

Hata mimi nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Jekundu lilikuwa zuri, lilijibu, na rangi hiyo ndiyo uliyoandika kwamba unaitamani. Kama Mjomba asingekuwa na nguo za harusi za kumaliza siku ile, tungelinunua palepale, na leo ningekuwa nimekuandikia barua fupi ya furaha. Alisema, "Subiri Jumamosi ijayo, mwanangu. Masikio yangu yamejaa cherehani, hata ukinipigia mzinga sitajua ni besi au ni paka."

Katikati ya juma nilimweleza Elinami, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Wao ni Wameru, Walutheri, kwao ni juu ya Usa River, kwenye kahawa na migomba. Akaniuliza, "Besi si ndiyo sauti ya nne?"

Nikamwambia sijui sauti ya nne. Akashangaa kama nimesema sijui siku ya nne. Kumbe kanisani kwao wanagawana wimbo mmoja kwa sauti nne: ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume, na ya nne ndiyo ya chini kabisa. Baba yake ameimba sauti ya nne tangu ndevu zimtoke. Nikamwuliza, "Unaijuaje sauti ya nne nzuri?" Elinami akafikiri, akasema, "Yenyewe huisikii. Unasikia tu kwamba nyumba imesimama. Baba akiwa mgonjwa, kwaya yote inayumba."

Nilirudi nyumbani nikibeba maji na maneno hayo. Nikaona kosa letu, kaka, langu na lako. Sisi tumezoea sanduku. Sanduku sauti yake ni ya mbao, na mbao hugongwa. Nilikuwa nimehukumu mbao Jumamosi mbili, sikuwa nimeisikia sauti hata mara moja.

Basi nikamwomba Elinami amwombe baba yake. Alikuja Jumamosi ya tatu, yaani jana, ameshuka na lori la ndizi, amevaa koti lake la kanisani na viatu ameviweka kwapani mpaka alipofika mlangoni. Ni mtu mrefu, anasema kidogo. Alimwamkia mwenye duka, akamwamkia Mjomba, kisha akaniuliza mimi, "Mwanangu, mgonjwa yuko wapi?" Nikamwonyesha ukutani.

Mjomba akamwambia mwenye duka, "Leo ni mnunuzi. Washa."

Akawasha. Mashine ya kupazia sauti ilichukua muda kupata joto, ikanguruma kidogo. Akachomeka waya kwenye lile jekundu. Mwanzo lilisema vizuri, nikakutazama wewe ndani ya moyo wangu. Kisha mwenye duka akaongeza sauti, kama mtakavyoongeza ninyi mkicheza klabuni na tarumbeta zikilia, na gitaa likapiga yowe. Hakuna aliyeligusa. Lilipiga yowe lenyewe, refu, mpaka mtoto wa mteja mmoja akalia. Mwenye duka akashika nyuzi, likanyamaza. Akaziachia, likaanza tena.

Nikauliza, "Mzee, lina ugonjwa gani?"

"Tumbo," akasema. "Sauti inatoka kwenye mashine, inaingia tumboni, inatoka tena, inaingia tena. Chumbani, kwa sauti ndogo, zuri sana. Kwenye dansi, tabu." Nami namsifu kwa kuwa hakuficha, kwa sababu jekundu lilikuwa na bei kubwa zaidi.

Akachomeka la kahawa. Baba Elinami akasema, "Lipige polepole, mwanangu, nami nitalifuata." Nikapiga uzi mnene kuliko zote.

Kaka, sijui niandikeje. Sikulisikia sikioni kwanza, nililisikia miguuni. Mabakuli ya bati kwenye rafu yalitetemeka. Baba Elinami akafumba macho, akaishika sauti ile ile kwa mdomo, na nikashindwa kujua ipi yake na ipi ya gitaa. Akaniambia nibonyeze katikati kabisa ya uzi, pale ambapo sauti inapaswa kurudi ile ile lakini kwa kupanda. Nikabonyeza. Akapanda nayo. "Imekaa," akasema. Uzi wa pili, "imekaa." Wa tatu na wa nne vilevile. Tukarudia kwenye lile la manjano, na hapo alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. "Hili likifika juu linadanganya," akasema. Kwenye jekundu alisema, "Hili linasema kweli, lakini lina kelele." Kisha akaliimbia la kahawa wimbo mzima wa sauti ya nne, bila maneno, nami nikimfuata kwa kukosea. Barazani cherehani zote zilinyamaza. Hakuna aliyeniita Gitaa Zito.

Lakini Mjomba alikuwa na barua yako mfukoni. Aliitoa. "Rajabu ameandika jekundu. Ameandika lenye kujibu. Hili ni bovu mgongoni, na likifika kwao watasema tumemnunulia kibao cha kufulia. Ni fedha za bendi nzima, si zake peke yake."

Nikamwambia, "Mjomba, Rajabu hajalisikia. Mimi nimelisikia."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea atapoteza nafasi yake. Nalijua hilo. Lakini jekundu likipiga yowe mbele ya wachezaji ataipoteza usiku ule ule."

Akairudisha barua yako mfukoni. "Basi jina litakalotajwa huko kwenu Korogwe ni lako, si langu."

"Litajwe," nikasema.

Hivyo ndivyo lilivyonunuliwa la kahawa. Sitakuficha kasoro zake. Ni zito kweli, na ukilipiga wimbo baada ya wimbo utaumia bega, kwa hiyo Mjomba ameshona mkanda mpana wa turubai na kuutia pamba. Kifundo kimoja cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Mwenye duka ameniambia ukizungushe mara nyingi, vumbi litatoka. Mgongo umechunika kwa kifungo cha mkanda wa yule aliyekuwa nalo, lakini wachezaji hawataona mgongo. Tumelifunga kwa blanketi na magunia mawili ya kahawa, nalo limeondoka leo asubuhi kwa gari la moshi. Karani wa stesheni amesema litafika Korogwe kabla ya barua hii au pamoja nayo.

Jambo moja nakuomba kwa heshima zote. Ukilifungua nyumbani, usiligonge. Baba ataligonga na atacheka, na majirani watakuja kucheka. Funika, nyamaza, lipeleke klabuni kwenye jenereta, uliunganishe na mashine yenu. Kiongozi wenu naye asiruhusiwe kulisema neno mpaka hapo.

Na kuna jambo nililolifahamu pale dukani, nimekuwa nikiliwaza tangu jana. Mimi nimekuja kwenye dansi zenu tangu nikiwa mdogo wa kubebwa. Nilisikia tarumbeta, nilisikia magitaa, nilimsikia mwimbaji. Wewe nilikuona ukivuta uzi na jasho likikutoka, nikawaambia wenzangu, yule ni kaka yangu. Lakini kukusikia, kaka, sijawahi kukusikia. Nilidhani besi ni kazi ya kuonekana tu.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie nakula na ninavaa sweta. Baba pia shikamoo, na asilichokoe gitaa. Msalimie Bibi anayetufinyangia vyungu, na mdogo wetu Hadija, umwambie herufi alizoniandikia zimenyooka kuliko za Mjomba. Msalimie mke wa kiongozi wenu wa bendi, aliyenisuka siku ya safari. Mjomba, Mama Zaina na mtoto wanawasalimu. Elinami na baba yake pia wanakusalimu ingawa hawakujui. Baba yake amesema nikuulize kama mwenye sauti ya nne bado yuko imara.

Sasa nakwenda kuanua nepi kabla ya ukungu kushuka. Mimi nimeshachagua, kaka. Wewe piga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi