Hadithi Kama Alivyonisomea Salum

Jumatano, Temeke. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Makuti yanavuja karibu na kabati, nimetega sufuria na kukaa. Leo ni siku ya sitini na mbili ya eda yangu.

Bado sijalia.

Nayaandika haya hapa kwa sababu daftari halinitazami. Alipokufa mume wangu Salum, wanawake waliangua kilio ukumbini, mimi nikawa nauliza kama wageni wamekula. Mama mkwe hajanisema, ila naona anavyonitupia jicho nikinywa chai. Naogopa anajiuliza kama nilimpenda mwanawe. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza.

Alasiri alikuja jirani yetu, Bi Mwanaidi, na wenzake wawili, kuniliwaza. Mama mkwe akaniomba niwasomee kitu cha kuchangamsha nyumba. Nikachukua kitabu cha Salum, cha yule msafiri na dada yake. Salum alikuwa karani bomani, na ndiye aliyenifundisha herufi za Kizungu, lakini kitabu hiki sikuwahi kukisoma mwenyewe. Alinisomea yeye, jioni baada ya kula. Nikikikumbuka naona jua, naona mlango wazi, nasikia harufu ya maandazi. Dada anaugua, ndiyo, lakini anapona, na kaka akirudi safarini ni yeye anayemfungulia.

Leo nimesoma ukurasa baada ya ukurasa na jua silioni. Kitabuni mvua haikatiki, nyumba ina baridi, madirisha yamefungwa. Na dada haponi. Anakufa peke yake, kaka anabisha hodi mpaka anachoka.

Nilisoma hadi mwisho kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Bi Mwanaidi alilia mpaka akapenga kamasi kwenye kanga yangu niliyokuwa nimeianika ndani. Mama naye alilia. Mimi nilikuwa nasikiliza matone yakiangukia sufuriani.

Kisha Mama akauliza kama Salum naye alinisomea hivyo. Nikamwambia hapana, kwake dada alipona. Mama hajui kusoma, lakini alikichukua kile kitabu akakigeuzageuza.

"Alikuwa hataki ulie, mwanangu," alisema. "Hebu isimulie alivyokusomea yeye."

Nikaanza kama alivyokuwa akianza, kwa kukohoa kidogo. Maneno yake yote nilikuwa nayo. Hata maandazi, ambayo sasa najua kitabuni hayamo kabisa. Aliyatia mwenyewe kwa kuwa mimi nayapenda. Nikafika pale kaka anapobisha hodi, na dada anainuka kitandani kwenda mlangoni.

Sauti ikagoma.

Sikulia. Nilijaribu tena sentensi ileile, ikanikatikia palepale. Ni kitu cha kwanza kilichonigusa kwa miezi miwili, na wala sikukipenda. Mama akanishika mkono, akawaambia wageni kwamba nitamalizia kesho.

Watakuja, Bi Mwanaidi hawezi kukosa. Dada nimemwacha amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Akifungua, hadithi ya Salum imekwisha, na hakuna mwingine wa kunisomea.

Nitamwacha afungue?