Mimi Si Petro

Jumatatu, 5 Aprili 1954
Zamu ya asubuhi. Nimesimika nguzo tisa chini mgodini, mti wa mninga mtupu. Mabega yamekwisha. Nyapara ameita Petro, nimeitika. Mwaka wa tatu huu. Petro ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Mpimbwe analima mpunga. Aliniachia kipande chake, kadi ya kazi yenye jina lake, nipate kazi. Wengi hapa wanafanya hivyo.

Jumatano, 7 Aprili
Nimemsindikiza mke wangu mafundisho. Atabatizwa Pasaka. Mimi hukaa nyuma. Katekista akahubiri: vueni utu wa kale, vaeni utu mpya. Kisha akanisimamisha. Eti mtazameni Petro, huyo ndiye mtu mpya! Anataka nisimamie ubatizo wa mzee mmoja.
Aibu imenichoma. Sijabatizwa mimi. Aliyebatizwa ni kaka.

Alhamisi, 8 Aprili
Sijala. Nikisema, kazi imekwenda na nyumba ya mgodi pia. Nikinyamaza, nitamshikia mzee wa watu mshumaa wa uongo. Mke wangu kasema niamue kama mwanaume, asinisikie nikilalama kwa hofu. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 9 Aprili
Nimesema. Kwa katekista kwanza, halafu kwa nyapara. Katekista alikaa chini. Nyapara amenitukana Kifipa chote anachokijua. Jumatatu naitwa ofisini. Naogopa. Ila kifua chepesi.

Jumatatu, 12 Aprili
Bwana mkubwa wa mgodi alifoka, akataka nifukuzwe. Nyapara, yule yule wa matusi, akamwambia nguzo zote za shimo la chini ni kazi yangu, na hakuna iliyowahi kuanguka. Bwana mkubwa akamwashiria karani. Karani akachukua kipande kipya, akauliza aandike nani.
"Kapama," nikasema. "Kapama wa Mpimbwe."
Nilisema kwa sauti mno. Wacha wasikie!

Alhamisi, 15 Aprili
Nimeomba ubatizo, padri amenihoji. Maswali yote nimejibu, hata yale yaliyomshinda mke wangu. Miaka miwili ya kukaa nyuma si mchezo. Amesema nitabatizwa na wenzangu. Nimetembea mjini kifua mbele kama jogoo.

Jumapili, 18 Aprili
Pasaka. Mke wangu sasa Maria, mimi Tomaso Kapama. Mzee kasimamiwa na katekista mwenyewe. Tumekula wali, tumelala mchana. Jioni nimemwandikia kaka barua fupi: umefanya kazi nzuri mgodini miaka mitatu, wote wanakusifu. Sasa pumzika.