Taa ya Dashibodi ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi, na zaidi huyo mgeni wenu ambaye mpaka leo shangazi yake namjua kwa picha tu. Ameshaanza kulala usiku, au bado anawakesha? Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, na mimi bado nipo palepale kwenye duka la vipuri, nauza mikanda ya injini na maneno mengi. Baba ndiye hajambo kuliko sote, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza.

Kaka, kaa chini kwanza. Lile gari hulipati.

Usinune. Najua Baba alikuahidi kwa kinywa chake, akasema amechoka kuendesha na sasa liwe lako. Najua pia umeshanunua vitambaa vya viti, maana wifi ameniambia, tena vyeupe, mtu mwenye mtoto mchanga! Nipe nafasi nikueleze ilivyokuwa.

Unalijua gari lile na unamjua mwenyewe. Tangu tukiwa wadogo hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti cha dereva, hata likiwa limezimwa. Mama alikikalia siku moja akingoja mvua ipungue, akaulizwa anaelekea wapi. Basi wiki iliyopita Baba aliniita, akanikabidhi ufunguo, akaniambia nilikague kabla hujalifuata, asije akampa mwanawe gari bovu. Niliingia kwa kunyata kama naiba.

Jua lilikuwa limeshazama. Nikawasha injini, nikawasha taa. Za mbele ziliwaka, za nyuma ziliwaka, lakini dashibodi ilikuwa giza tupu, mshale wa spidi hauonekani wala wa mafuta. Nikamwambia Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwamba taa ya humu ndani imeungua. Kisha akainama akaniuliza kwa sauti ya chini kama hata mimi sioni. Nikamjibu kwamba hapo labda paka ndiye angeona. Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akaniomba nirudie nilichosema.

Kesho yake nilikuja na balbu mbili kutoka dukani, vidude visivyozidi punje ya mahindi. Kuuza nimeuza nyingi, kufunga sijawahi, kwa hiyo fundi wa jirani alinielekeza. Nikachomoa waya wa betri, nikabandua fremu, nikafungua skrubu, nikakivuta taratibu kile kisanduku chenye mishale. Baba alikuwa juu ya bega langu, ananionya kwa kila skrubu kana kwamba nampasua mgonjwa. Mama alishika tochi, akamulika kila mahali isipokuwa nilipopahitaji. Balbu moja ya zamani nilikuta imekatika waya ndani, na nyingine ilikuwa nyeusi tii. Inaelekea ilififia kidogo kidogo kwa muda mrefu kabla ya kuzimika. Nikaweka mpya, nikarudisha kila kitu, ikabaki skrubu moja. Siku nyingine Baba angenihamisha nyumba kwa kosa hilo. Safari hii aliitia mfukoni, akasema tangu kiwandani lile gari lilikuja na skrubu za ziada.

Tukangoja jioni. Baba akakaa kwenye kiti chake, akawasha. Kaka, dashibodi yote iliwaka! Akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, ishirini, arobaini, sitini, mpaka mwisho wa namba. Akasoma mafuta, akasoma hata vile viandishi vidogo vya breki. Kisha akalaza kichwa kwenye usukani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama alizima tochi, akaingia, akakaa pembeni yake.

Hapo ndipo alipotuambia. Unakumbuka Babu alivyopofuka, kwamba alianza kwa kushindwa kuona jioni. Baba alipoona mishale inafifia safari baada ya safari, akajua zamu yake imefika. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekalia kile kiti, hakukuwa na wa kumwambia kwamba ni balbu. Kwa daktari aliogopa kwenda. Akawa anafanya mazoezi ya upofu, kaka. Mama akienda sokoni, yeye anafumba macho, anapapasa kuta, anajifunza kuchemsha chai. Vile vikombe vyote vilivyovunjika, tulivyomsingizia paka, ni yeye.

Na kule kukusumbua umlete mtoto upesi, mpaka ukaniambia mzee amekuwa king'ang'anizi, sababu ilikuwa hiyo hiyo. Alitaka kuiona sura ya mjukuu wake angali anaona. Gari lilikuwa chambo tu cha kukuvuta uje. Hapa nimelia kidogo, nisamehe kwa wino uliotapakaa.

Daktari wa macho tumeshakwenda. Amempa miwani mipya ya kusomea, basi. Paka naye ameombwa radhi kwa samaki mzima.

Sasa njooni. Baba anasema mpande basi linalofika giza likishaingia, la asubuhi hataki hata kulisikia, na stendi atakuja kuwapokea mwenyewe. Anataka amwone mjukuu wake kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa balbu zile zile. Vitambaa vya viti usivisahau. Ameshauliza kama vitaenea.

Mama anawasalimu sana. Msalimu wifi, na mwanangu umbusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu, mpaka nitakapombusu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku